Aliandika Geti la Bluu

Geti lilipogongwa alfajiri ile, Ndeshi alikuwa jikoni akichuja chai, na moyo wake ukamdanganya papo hapo. Ukamwambia ni yeye. Amekuja. Ameshindwa kukaa mbali.

Akaliacha chujio juu ya sufuria, akajifuta mikono kwenye khanga na kutoka mbio. Siku mbili nzima alikuwa amejiapiza kwamba Lesian hata akipiga magoti kwenye matope hamfungulii, na sasa miguu ilikuwa imeshasahau kiapo. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kununa huku sikio liko mlangoni?

Kumbe siye. Nje walisimama watu wawili wenye matope hadi kwenye vifundo vya miguu: mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya sufu, na dada mmoja mwenye koti la mvua na begi kubwa jeusi.

"Habari za asubuhi, dada. Hapa ni kwa Mzee Aminieli? Lemara, geti la bluu?"

"Ndiyo, ni hapa. Karibuni."

"Asante. Mimi naitwa Arnold, mwenzangu ni Soila." Akaonyesha kitambulisho kilichoning'inia shingoni. "Gari tumeliacha kule kwenye lami, barabara yenu imetushinda. Sisi tunapima wanariadha, kuangalia kama wanatumia dawa zilizokatazwa michezoni. Tumemfuata Lesian. Ametuandikia kwamba kila siku, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, tutamkuta hapa."

Ndeshi alihisi damu ikimpanda usoni. "Hapa wapi?"

"Hapa kwenu."

"Nani huyo anayekutwa hapa kwangu kila siku alfajiri?"

Sauti ilitoka barazani. Mzee Aminieli, baba yake Ndeshi, alikuwa amesimama na sweta juu ya pajama, Biblia ya ibada ya asubuhi bado mkononi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ile sauti ya kunyamazisha shule nzima hakuirudisha serikalini alipostaafu.

"Shikamoo, mzee," alisema Arnold. "Ni mkimbiaji mmoja, anaitwa..."

"Marahaba. Usiniambie getini. Getini tunaongea na wauza nyanya. Ingieni, mnywe chai, halafu mtaniambia."

Wakaingia. Mzee mwenyewe akakifunga kilango kidogo cha geti na kusukuma komeo, kama afanyavyo siku zote. Geti la mtu mwenye binti, alipenda kusema, halikai wazi.

Sebuleni Ndeshi alimimina chai. Mama yake alikuwa kijijini Poli akimuuguza bibi, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumkonyeza wala wa kumwokoa. Mzee alisubiri kila mgeni anywe funda la kwanza, kwa sababu kwake mgeni hasemi shida yake na koo kavu, kisha akafunga Biblia.

"Haya. Mimi ndani ya nyumba hii nina binti mmoja na jogoo mmoja. Huyo mkimbiaji huja kumwona nani?"

Soila akaikodolea chai yake. Arnold akakohoa kidogo.

"Hilo, mzee, sisi hatuulizi. Tunauliza mahali na saa tu. Mwanariadha akishaingia kwenye orodha yetu, kila siku lazima aseme atakuwa wapi kwa muda wa saa nzima, ili tukitaka kumpima tumkute bila taarifa. Wengi huandika wanapolala."

"Na huyu hajaandika anapolala?"

"Ameandika kwenu."

Mzee akamgeukia binti yake polepole. Ndeshi akayatazama maua ya kitambaa cha meza.

Wewe unayesoma labda umeshajua, lakini yule mzee hakujua, basi tumwache kidogo na chai yake. Lesian alikuwa kijana wa Kiarusha kutoka Kisongo, amepanga chumba Kijenge, na kila alfajiri alikuwa akipanda mteremko wa Mlima Meru na kushuka akikimbia. Siku moja, kabla ya mvua za vuli, alianguka mbele ya geti la bluu akachubuka goti. Ndeshi alikuwa anatoka kwenda kazini, kwenye mapokezi ya kampuni moja ya utalii. Alimletea maji ya kuoshea goti, na glasi ya kunywa. Goti akaosha. Glasi akaikataa.

"Unaogopa nitakuroga?" Ndeshi alimuuliza siku ile.

"Samahani, dada. Mimi sinywi kitu nisichokifungua mwenyewe. Kikinitokea kitu kwenye vipimo, hakuna atakayesikiliza kwamba nilipewa na msichana mzuri."

Ndeshi aliondoka amekasirika, akafika kazini anacheka, akarudi nyumbani anajiuliza. Mtu gani anaishi hivyo? Kesho yake alikifungua kilango mapema makusudi. Kijana alikuwa pale nje, kwenye jiwe la kando ya ukuta, ananyoosha misuli. Tangu hapo kilango kilikuwa ndiyo lugha yao. Kikiwa wazi, karibu. Kikifungwa, baba yuko uani, pita. Wakaongea mvua za vuli zikapita na za masika zikaingia, yeye ndani ya geti, Lesian nje, na kwa miezi yote hiyo kijana hakuwahi kunywa hata tone kutoka mkononi mwake. Jambo hilo Ndeshi alilielewa kwa akili, lakini moyoni lilimchoma.

Na Lesian hakuwahi kuingia ndani. Hilo ndilo lililowagombanisha. "Nitakuja kumsalimia mzee," alikuwa akisema. Lini? "Nitakuja." Maana mara moja Mzee Aminieli alimwona akipita, akasema kwa sauti, "Kijana mzima kila siku anakimbia, anamkimbia nani? Kazi hana?" Maneno hayo yalimwingia Lesian, yakamkata miguu. Mpaka juzi Ndeshi alipochoka.

"Mtu asiyeweza kuingia ndani asisimame nje," alimwambia. "Kuanzia kesho ukikuta kilango kimefungwa, jua sitaki kukuona."

Na jana kilifungwa. Na leo.

"Asipoonekana itakuwaje?" Ndeshi aliuliza sasa, akijitahidi sauti iwe ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Itahesabiwa kwamba amekosa," alisema Arnold. "Zikifika tatu ndani ya mwaka, anaweza kufungiwa. Hata kama mwili wake ni msafi kabisa."

Ndeshi alijua kitu ambacho Arnold, kwa heshima ya kazi yake, hakukisema. Lesian alikuwa na mbili tayari. Moja alikuwa msibani porini ambako simu haikushika mtandao. Ya pili alihamia kambini akasahau kubadilisha anwani. Alimsimulia mwenyewe, akicheka kwa mdomo huku macho hayacheki: "Nikikosa tena, Ndeshi, nirudi Kisongo nikachunge."

Mkono wake ukaenda kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwa sweta.

"Dada," alisema Arnold kwa upole, "naomba usimpigie. Akitonywa, kazi yetu imeharibika, na wa kwanza kuumia ni yeye. Watauliza alijuaje."

Ndeshi akaiweka simu mezani. Mzee akatoa ya kwake pia, akailaza kando ya ile ya binti, ijapokuwa hakuna aliyemwomba.

Wakakaa. Soila akatoka mara moja kuchungulia barabarani, akarudi akitikisa kichwa, na komeo likarudishwa. Mzee Aminieli naye, ambaye hasira yake ilikuwa inachemka vizuri tu, akaanza kushindwa na ule udadisi wa mwalimu.

"Sasa mnampima vipi? Damu?"

"Leo ni mkojo, mzee."

"Anakwenda chooni anawaletea?"

"Hapana. Mimi naingia naye. Lazima nione unavyotoka."

"Uone?"

"Nione kabisa. Watu wengine huficha mkojo wa mwenzao kwenye nguo."

Mzee akaguna. "Na mkishaupata?"

"Unafungwa kwenye chupa isiyofunguka tena, unapelekwa maabara, nje ya nchi."

"Kwa ndege?"

"Kwa ndege."

"Mkojo unapanda ndege," alisema Mzee Aminieli, akilitafakari jambo hilo. "Mimi sijawahi kupanda."

Siku nyingine Ndeshi angekufa kwa kicheko. Leo alikuwa anaitazama saa ya ukutani, na kitu kimoja kilikuwa kinamzunguka kichwani kama nzi: kwa nini hapa? Lesian ana chumba, ana kitanda, ana mwenye nyumba anayemfahamu. Mtu anayeogopa kumsalimia baba mtu anawezaje kuwaambia watu wa serikali, kwa jina na rangi ya geti, kwamba hapo ndipo anapopatikana? Na baada ya ugomvi ule, kwa nini hakufuta?

Mwisho hakuweza kuvumilia tena.

"Kaka Arnold, nikuulize kitu. Nikienda kukifungua kile kilango, nitakuwa nimemtonya?"

Arnold akainua macho. "Kufungua tu?"

"Kufungua tu. Sipigi kelele, sitoki nje. Huwa nakifungua kila asubuhi. Leo sijakifungua."

"Kwani kikifunguliwa kina maana gani?"

Kikombe cha mzee kikatua kwenye kisahani. "Enhe. Hata mimi ningependa kusikia."

Ndeshi akamgeukia. "Kina maana anakaribishwa, baba."

 Arnold alifikiri kwa muda, kama mtu anayepitia kanuni zake moja moja kichwani.

"Hakimwambii kwamba sisi tupo?"

"Hapana. Kinamwambia kwamba mimi nipo."

"Basi hicho si chetu," alisema Arnold. "Geti ni la kwenu."

Ndeshi akainuka. Halafu akasimama palepale, mkono kwenye mgongo wa kiti, asiende.

"Mbona huendi?" aliuliza baba yake.

"Kwa sababu nikifungua, ataamini nimemsamehe. Na kama nafungua kwa ajili ya huo mkojo tu, nitakuwa nimemdanganya."

"Na hujamsamehe?"

Ndilo swali lenyewe. Ndeshi aliitafuta hasira yake ya juzi, akaikuta ipo, imekaa mahali pake. Lakini pembeni yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hata siku moja hakikusogea: yule mtu kwenye jiwe, mvuke ukimtoka mabegani kwenye baridi ya asubuhi, akigeuza shingo kila komeo linapolia. Machozi yakamjia.

"Nimemkasirikia, baba. Na nampenda. Nampenda hata sasa hivi nilivyomkasirikia. Sikujua kwamba inawezekana."

Alikuwa amelisema. Mbele ya baba, mbele ya wageni, mbele ya picha ya mama yake ukutani akiwa na joho la kwaya. Mzee Aminieli aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Mama yako," alisema hatimaye, "aliwahi kuninunia Kwaresima nzima. Na chai alikuwa ananipikia." Akakohoa. "Kafungue. Tumwone mtu mwenyewe."

Uani umande ulikuwa umelowesha majani ya migomba. Ndeshi akavuta komeo, akakisukuma kilango mpaka mwisho.

Barabara ilikuwa tupu. Matope, ukungu, mama mmoja na ndoo yake ya maziwa akipita kwa uangalifu ukingoni. Meru haikuonekana kabisa. Jiwe la ukutani lilikuwa limelowa na hakuna aliyelikalia. Alisimama hapo na khanga yake. Basi Lesian alimtii. Mara moja tu katika maisha yake ameambiwa jambo akalitii, na likawa hilo.

Ndipo kule kwenye kona, chini ya paa la mashine ya kusaga, mtu akasimama.

Alikiangalia kile kilango kilicho wazi, kama haamini. Halafu akaanza kukimbia. Wale waliomwona Lesian uwanjani husema anakimbia kama maji. Asubuhi ile alikimbia kama mtoto anayeitwa nyumbani, akakanyaga kila dimbwi lililokuwepo, na alipofika mbele ya Ndeshi alikuwa anahema kuliko siku zote za mlima.

"Umefungua," alisema.

"Nimefungua."

Wakatazamana. Alikuwa amekonda kwa siku mbili, au labda ni Ndeshi aliyekuwa anamtazama kwa njaa. Kope zake zilikuwa na matone ya ukungu.

"Ulikuwa pale muda wote?"

"Jana pia. Ulisema nisisimame hapa. Hukusema nisiangalie." Akashusha sauti. "Ndeshi, niambie ukweli. Wale wageni wamekuja kukuposa?"

"Wageni gani?"

"Nimemwona dada mwenye koti akichungulia, akarudi ndani, mkafunga. Nikajua ndiyo basi. Watu wa posa."

"Posa saa kumi na mbili asubuhi, Lesian?"

"Mimi ningejuaje! Nilishachanganyikiwa."

Ndeshi akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa pindo la khanga. Nyuma yake Arnold alikuwa amekwisha kufika na kitambulisho chake.

"Lesian? Umechaguliwa kupimwa. Kuanzia sasa hutatoka machoni mwangu." Akatazama saa yake, akatikisa kichwa. "Umeponea chupuchupu, kijana. Uliandika hapa. Mashineni si hapa."

Uso wa Lesian ulibadilika rangi alipoelewa. Alimtazama Arnold, akautazama mlango wa nyumba, akamtazama Ndeshi.

"Inabidi niingie ndani?"

"Labda unataka nikupimie barabarani," alisema Arnold.

Kwa hiyo aliingia. Alivua viatu vyake vya mbio barazani, akapita mlangoni na soksi zilizolowa, na mbele ya Mzee Aminieli akainamisha kichwa, kama kijana aliyelelewa Kisongo anavyomwinamia mkubwa ili aguswe kichwani.

"Shikamoo, baba."

Mkono wa mzee haukutoka kwenye mkono wa kiti.

"Kabla ya marahaba, kijana, nijibu moja. Dunia nzima hii, uliandika kwangu kwa nini?"

Lesian hakuinua kichwa. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka nywele zake hadi kwenye zulia.

"Walisema niandike mahali ambapo sikosi, baba. Nikafikiri sana. Chumbani nakosa. Kambini nakosa. Hata kwa mama yangu nakosa. Nikaona katika maisha yangu ni mahali pamoja tu sijawahi kukosa, na ni hapo nje kwako. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia wewe. Nikawaambia wao."

"Na baada ya kufukuzwa?"

"Nilishika simu nifute. Nikashindwa."

Ndeshi, aliyesimama mlangoni, aliziba mdomo kwa mkono.  Mkono mzito wa Mzee Aminieli ukainuka, ukakaa juu ya kile kichwa kilicholowa, ukakaa kidogo zaidi ya inavyohitajika.

"Marahaba."

"Samahani, mzee," alisema Arnold kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anaharibu jambo zuri. "Tunaomba choo."

Fikiria mwenyewe. Mtu ameogopa miezi yote kuingia kwa baba mkwe, na siku anaingia, shughuli yake ya kwanza ni hiyo, tena anasindikizwa. Wakaenda. Wakarudi. Arnold alikuwa anatikisa kichwa na Lesian alitamani zulia lipasuke.

"Nilishamaliza kule mashineni," alinong'ona.

"Basi tutasubiri," alisema Arnold. Soila akafungua begi, akapanga mezani chupa za maji za dukani, vifuniko bado havijakatwa. "Kunywa."

Lakini Mzee Aminieli alikwishamwashiria binti yake, na Ndeshi, kwa mazoea ya kutii, alikwishamimina kikombe. Alipokuwa anakiweka mbele ya Lesian ndipo alipokumbuka ile glasi ya siku ya kwanza. Akataka kukiondoa, akachelewa.

"Hapa kwangu," alisema mzee, "mgeni hanyweshwi maji ya dukani wakati chai ipo."

 Ndeshi alitamani kumwambia baba yake, na alitamani kumwambia Lesian asijali, achukue chupa, yeye ataelewa kama alivyoelewa siku zote. Arnold akazungumza kwanza.

"Hiari ni yako, Lesian. Ila kanuni unaijua. Kinachoingia mwilini mwako ni juu yako, hata ukipewa na nani."

Lesian alikitazama kikombe. Kisha akainua macho, akamtafuta Ndeshi.

"Nani ameipika?"

"Mimi," alisema Ndeshi.

"Basi iwe juu yangu."

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka tone la mwisho, na Ndeshi alisimama pale na birika mkononi, akihisi joto la kile kikombe likimpita kooni yeye.

Mzee Aminieli alikuwa ameangalia kila funda.

"Mwongeze," alisema.

Ndeshi akaongeza. Mzee akamgeukia Arnold, akaegemea mbele, na ile sauti ya mwalimu mkuu ikarudi.

"Hapo anapoandika mahali pa kukutwa. Anaweza kubadilisha?"

"Wakati wowote, mzee. Kwa simu tu."

"Basi abadilishe leo hii, kabla hajatoka." Akakinyanyua kikombe chake. "Ameandika getini. Kuanzia kesho aandike sebuleni."